Mrejesho: mada ya insha ya kuombea chuo Marekani

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa nane niliwauliza niandike nini kwenye insha ya Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani): msiba wa baba, au safari ya shule ya kupanda Kilimanjaro. Wengi mlisema msiba, utawagusa. Mmoja tu aliuliza, "Wewe mwenyewe uko wapi humo?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Msiba nilishauandika mara tatu, na kila mara insha ilikuwa ya baba. Mimi nilionekana nikilia tu, basi. Kikomo ni maneno 650, na kama 500 yalikuwa ya marehemu. Kilimanjaro ndiyo usiseme, ilisomeka kama tangazo la utalii.

Mwishowe nimeandika kuhusu daftari la madeni la duka la mama. Tangu darasa la sita mimi ndiye ninayeliandika, kwa alama zangu mwenyewe: nyota kwa anayelipa mwisho wa mwezi, duara kwa anayepita njia ya nyuma akiona duka liko wazi (wapo, tena wengi). Nikaeleza siku nilipomfutia bibi mmoja deni la unga bila ruhusa, na mama alivyonifokea. Baba amebaki na sentensi mbili, maana daftari alilianzisha yeye.

Mwalimu wangu wa Kiingereza alisoma akacheka, kisha akaifuta aya ya mwisho niliyokuwa najisifia. Nimetuma jana, siku mbili kabla ya dirisha la maombi ya mapema kufungwa tarehe 1 Novemba. Mkuu uliyeuliza lile swali, soda yako ipo.