Elektrodi ya nikeli inafurika, naombeni ushauri

kijana_maabara: Wakuu, habari za jukwaani. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni seli ya hidrojeni (inatoa umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni) yenye mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi, alkali kali, asilimia 30. Elektrodi, yaani vipande vya metali vinavyopitisha umeme, nimekata kwenye sponji ya nikeli, ile ya betri. Oksijeni natoa hewani kwa pampu ya tangi la samaki. Nikiunganisha kimota, volti zinaporomoka, na kimiminika kinavuja hadi chumba cha gesi. Nikiongeza presha ya gesi, mapovu yanapenya upande wa pili. Msimamizi anataka nibadili mada. Mimi sitaki.

fundi_seli: Usibadili, mkuu. Shida ni vitundu. Vya sponji ni vikubwa mno, kwa hiyo nguvu ya kapilari (ile inayovuta kimiminika ndani ya vitundu vyembamba) haitoshi kuzuia chochote: ama kimiminika kifurike, ama gesi itoboe. Mwingereza Francis Thomas Bacon alibandika tabaka mbili za unga wa nikeli uliochomwa ukashikana. Upande wa gesi vitundu vya maikromita 30 hivi, upande wa kimiminika 16. Ukipata presha ya kati, gesi inakifukuza kimiminika kwenye vitundu vikubwa, ila kwenye vidogo haikiwezi. Gesi, kimiminika na metali vinakutana hapo mpakani, na umeme unazaliwa hapo. Mwaka 1959 alionesha mtambo wa kilowati 5, na seli za Apollo, vyombo vya Wamarekani vya kwenda mwezini, zilitokana na kazi yake.

mwl_kemia: Sawa, lakini Bacon aliendesha kwenye nyuzi 200 hivi na presha kubwa! Kwenye joto la kawaida nikeli tupu ni nzito kufanya kazi. Ndiyo maana Justi na Winsel kule Ujerumani walitumia nikeli ya Raney: aloi ya nikeli na alumini, alumini ikatolewa kwa alkali, ikabaki nikeli yenye vitundu vidogo sana. Tafadhali mwanangu, itunze ndani ya maji. Ikikauka hewani huwaka yenyewe.

kijana_maabara: Asante mwalimu. Tanuri letu halina gesi ya hidrojeni, siwezi kuchoma unga.

fundi_seli: Basi tumia teflon, ile plastiki ya kwenye vikaango visivyogandisha. Changanya katalisti (kichocheo, kama hiyo nikeli ya Raney) na emulsheni yake, yaani teflon ya majimaji, kandamiza juu ya sponji. Teflon hailowi, hivyo gesi inabaki na njia, na sponji inabeba umeme.

nesi_usingizi: Hiyo hewa ya pampu nayo ina kabonidioksaidi. Ikikutana na potasiamu haidroksaidi inatengeneza kaboneti, yaani chumvi, vitundu vinaziba. Ipitishe hewa kwanza kwenye soda laimu, chembechembe zinazonyonya kabonidioksaidi, ile tunayotumia kwenye mashine za usingizi. Ikibadilika rangi, weka nyingine.