Naomba ushauri: Fiesta Rally3 au Impreza ya Kundi N?

DerevaMpya: Wakuu, salaam. Nataka kuingia katika mbio za magari za ubingwa wa taifa wa Kenya kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Ford Fiesta Rally3 mpya, gari lililoundwa mahsusi kwa mbio, ilitangazwa kwa takriban euro 100,000, kabla ya usafirishaji na ushuru, ilhali Subaru Impreza iliyotumika ya Kundi N, yaani gari la kawaida lililorekebishwa kidogo kwa mbio, hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Ipi itanifikisha karibu na wa mbele?

FundiSoysambu: Hakuna. Wa mbele huendesha Rally2, daraja lililo juu ya Rally3: Rally2 ya lita 1.6 ina nguvu inayokaribia farasi 290, na Rally3 ya silinda tatu ina takriban 215. Hata hivyo, Rally3 hukuza dereva: madereva vijana wa Kenya, Kimathi, Hamza Anwar na Wahome, waliiendesha katika Safari ya 2021, na mwaka uliofuata Kimathi akaingia nayo Junior WRC, ubingwa wa dunia wa vijana. Lakini mbona unauliza kana kwamba hujaamua? Umekwisha kulipa?

DerevaMpya: Nimelipa arubuni ya Impreza. Fedha zimetokana na ploti ya urithi, na dada yangu bado hajaambiwa. Hata hivyo, vipuri vyake vipo mjini na mafundi wetu wanaijua vizuri injini ile, kwa hiyo sioni kama nimeharakisha.

MamaGereji: Mwanangu, urithi ni wa wawili. Marehemu mume wangu alishindana kwa Lancer Evolution, na baada ya kila mbio giaboksi ilifunguliwa juu ya meza yetu ya chakula. Bei ya kununua ilikuwa mwanzo tu. Matairi, difu na shokamzoba ndivyo vilivyotumaliza.

Mwelekezi_Njoro: Mimi naona kisa hiki kimetungwa. Mtu aliyelikagua gari angetuambia lebo za viti zinasemaje.

DerevaMpya: Zimeandikwa FIA 8855-1999, kiwango cha viti cha shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na mwaka wa kutengenezwa ni 2014. Ya kiti cha mwelekezi, anayemsomea dereva njia, imechanika pembeni, lakini mwaka unasomeka.

Mwelekezi_Njoro: Basi nimekuamini, ndugu, na habari si njema. Viti vya kiwango hicho hutumika kwa miaka 5 tu, kwa hiyo havitapita ukaguzi, na mikanda ya umri huo vilevile. Mwambie muuzaji apunguze bei au arudishe arubuni, kisha umpelekee dada yako hesabu kamili kabla ya kulipa salio.

FundiSoysambu: Angalia na tangi la mafuta. Kama ni la FT3, kiwango cha FIA cha matangi ya usalama, nalo lina tarehe ya mwisho.