Kujitolea kituo cha afya bila mshahara, kuna faida kweli?

BintiNakivale: Habari zenu jamani. Nilimaliza S6 (kidato cha sita) mwaka jana niko hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, nyumbani tu. Kituo cha afya wanatafuta vijana wa kujitolea kutafsiri, maana manesi wengi ni Kinyankole na Kiingereza na kina mama wengi wanaokuja ni Wakongo na Warundi, Kiswahili ndo kinawakutanisha. Mshahara hakuna. Mama anasema niende, baba anasema nitatumikishwa bure. Na mimi naogopa watu, nikiitwa mbele sauti inakauka kabisa. Aliyepitia anishauri.

KakaIsingiro: Dada nenda. Mi nilianzia upande wa lishe, nikapewa ule utepe wa rangi wa kupima mkono wa mtoto, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, njano inaishia 12.5 halafu kijani. Kupima ni dakika moja, ila ikisoma nyekundu ni wewe unamgeukia mama na kumweleza bila kumtisha wala kumwaibisha mbele ya foleni, na yeye amekukazia macho anasubiri useme, sasa woga utauweka wapi? Mwanzo nilikuwa naongea nikiangalia chini, baadaye wakawa wananisimamisha niongee na foleni nzima asubuhi kabla huduma haijaanza. Shirika moja lilipokuja kuajiri wahamasishaji, kwenye intavyuu wakauliza mzazi akikataa mtoto asipelekwe hospitali utafanyaje, wenzangu wa diploma wakajibu ya darasani, mi nikawaeleza yaliyonikuta mwenyewe. Mkataba nikapata.

MamaVHT: Mwanangu, baba yako naye ana hoja. Sisi VHT, wahudumu wa afya wa kijiji, wengine tumejitolea miaka na miaka mshahara hatujauona. Kwa hiyo kaa na inchaji, mkuu wa kituo, kwanza, uliza ni siku ngapi kwa wiki, nauli anatoa nani, mafunzo yapo? Yakiwepo usikose hata moja, vyeti vitunze. Wakikugeuza wa kufagia na kuchota maji tu, toka. Halafu siri za wagonjwa, hapo sina mchezo. Mama akisema jambo lake mbele ya nesi kupitia mdomo wako, liishie mle chumbani. Likisikika sokoni hakuna atakayekuita tena.

MdauMbarara: Naongezea, kama wewe ni mkimbizi, sheria ya wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi Uganda, so mtu asikudanganye eti kwa kitambulisho chako utaishia kujitolea tu. Na ukiwa pale ndani tangazo la kazi unalisikia mapema, omba hata kama unaona hujafikia vigezo vyote.

BintiNakivale: Asanteni sana, baba nimemsomea yote amekubali nijaribu. Mama VHT, na barua ya kituo ya kuonyesha najitolea pale naomba lini, mwanzoni au nikishazoeleka?

MamaVHT: Zote mbili. Ya utambulisho mwanzoni, iwe na tarehe uliyoanza na mhuri. Ya kukupendekeza usingoje inchaji ahamishwe, wanahamishwa ghafla hao, na mpya hatakujua.