Mrejesho: keneli 6.12 kwenye Debian 12, Wi-Fi imekubali

Wakuu, habari za leo. Wiki mbili zilizopita nilileta shida ya laptopu niliyonunua Kariakoo: Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), keneli (kiini cha mfumo) 6.1, kadi ya Wi-Fi ya Realtek RTL8852BE haionekani kabisa. Asanteni sana mlionijibu.

Wapo mlioniambia nijenge keneli mwenyewe. Nilijaribu usiku mmoja hapa Sinza, umeme ukakatika, betri ikaisha kazi ikiwa katikati. Nikamfuata mkuu aliyesema draiva (programu ya kuiendesha) ya kadi hii imeingia kuanzia keneli 6.2, hivyo nichukue keneli ambayo Debian wenyewe wameshaifungasha. Niliongeza bookworm-backports (hazina ya Debian yenye matoleo mapya zaidi kwa Debian 12) kwenye sources.list, faili la orodha ya hazina (msisahau non-free-firmware, sehemu yenye firmware ya kadi), nikafanya apt update, kisha:

apt install -t bookworm-backports linux-image-amd64 firmware-realtek

Intaneti nilivuta kwenye simu kwa waya wa USB. Mara ya kwanza ilikwama: /boot (sehemu ya diski inayokaa keneli) imejaa, initrd (faili linalosaidia keneli kuwaka) haikuandikika. Nikaondoa keneli za zamani, nikabakiza 6.1 moja tu. Hiyo msiifute jamani, ndiyo pa kukimbilia mpya ikigoma. Nikarudia, nikawasha upya: uname -r (amri ya kuonyesha toleo la keneli) ikaonyesha 6.12 na jina la mtandao wa nyumbani likatokea. Nilimwita mama aje aone.

Kilichobaki ni programu ya mashine pepe (ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya laptopu). Moduli yake, kipande kinachoingia kwenye keneli, haijengeki kwenye 6.12, hata baada ya kuweka linux-headers-amd64 (faili za kujengea moduli) ya backports. Nikiihitaji nachagua 6.1 kwenye menyu ya GRUB (inayotokea laptopu ikiwaka), ila huko Wi-Fi hakuna. Aliyewahi kulivuka hili anisaidie.