Mwaka mmoja Chiromo nikitokea Dar: nipange wapi, na huyu dalali wa miezi sita nimlipe?

Binti_Sinza

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nimepata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Chiromo, kuanzia Septemba. Hosteli za chuo nimeambiwa niombe ila nisizitegemee. Nina 15,000 za Kenya kwa mwezi; chumba, umeme na maji vyote humo humo. Nataka chumba masta, nikae peke yangu. Nimempata dalali mtandaoni, ana picha nzuri sana za chumba Westlands kwa 9,000, ila anataka miezi sita kwa mkupuo ndiyo anishikie. Huku kwetu ni kawaida, kwa hiyo sikushtuka, lakini nimeona niulize kwanza. Na je, naweza kuingia Kenya na kitambulisho cha NIDA tu?

Mzee_wa_Ngara

Binti, huyo usimtumie hata shilingi. Nairobi kodi hulipwa kwa mwezi, mara nyingi kabla ya tarehe 5. Anayedai miezi sita anajua unatoka Dar na anajua mazoea ya huko. Halafu Westlands kwa 9,000 chumba chenye choo ndani? Hapo picha zimeazimwa mahali.

Malipo ya kuingia huwa hivi: kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti sawa na kodi ya mwezi mmoja, na pengine dipoziti ndogo ya stima (umeme) na maji. Chumba cha 10,000 kitakudai kama 20,000 hadi 23,000 siku ya kuhamia. Ajenti anayekutembeza anaweza kuomba ada ya kuona nyumba, 500 au 1,000. Kabla hujampa, muulize nyumba ngapi atakuonyesha kwa hiyo pesa, maana wapo wanaoishi kwa ada hiyo tu na nyumba hawana.

Jifunze na majina. Chumba masta chako hapa kinaitwa bedsita: chumba kimoja, choo na bafu ndani, jikoni kwenye kona. Ukisema "singo" utapelekwa chumba chenye choo cha nje mnachotumia wengi. Anayeshika funguo za ploti, yaani jengo la vyumba vya kupanga, ni keateka. Mheshimu, lakini kodi usiiweke kwenye namba yake ya simu. Omba paybill (namba ya kulipia kwa M-Pesa) au akaunti ya mwenye nyumba, na jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na lililo kwenye mkataba. Keateka akiacha kazi na kodi yako ilikuwa inapitia kwake, utaonekana hujalipa.

Wanjiru_wa_Waiyaki

Nyongeza kuhusu dipoziti, maana hapo ndipo wanafunzi wa mwaka mmoja wanapoumia. Mikataba mingi inataka notisi ya mwezi mzima kwa maandishi, na inakataza kuigeuza dipoziti kuwa kodi ya mwezi wa mwisho. Ukitoka bila notisi, dipoziti imekwenda. Ukitoka na notisi, bado atakata rangi, kitasa, sinki lenye ufa. Siku unayopewa funguo piga picha kila ukuta, kila bomba, kila kioo, na namba iliyo kwenye mita, kisha umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Uliza pia kama mkataba una muda wa chini wa kukaa. Mwaka wa masomo ni kama miezi tisa au kumi, na mkataba wa miezi 12 utakufunga baada ya mitihani.

Wala usitegemee kwamba sheria itakuokoa. Ile sheria ya kudhibiti kodi inagusa nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani kabisa. Bedsita yako iko nje yake, kwa hiyo karatasi uliyotia sahihi ndiyo silaha yako.

Sasa mtaa. Chiromo iko kati ya Museum Hill na Westlands. Wengi watakutuma Thika Road, yaani Roysambu, Zimmerman, Kahawa Wendani, kwa sababu bedsita ni 8,000 hadi 12,000 na zipo nyingi. Kwa kampasi yako mimi naona ni kosa. Utateremka Ngara kisha utembee au upande gari la pili, na asubuhi barabara hiyo haina huruma. Angalia Waiyaki Way: Kangemi, Uthiru, Kinoo. Kodi inalingana na Thika Road au iko chini kidogo, na matatu za kwenda mjini, zikiwemo 105 za Kikuyu, zinapita Westlands ndipo zishuke Museum Hill. Unateremka karibu na lango. Kangemi chagua ploti iliyo karibu na barabara kuu. Ukishuka bondeni, matope ya mvua ya Aprili yatakufika magotini.

Ngara na Pangani unaweza kwenda kwa miguu, ila bedsita huanzia 12,000 na kupanda, na hapo stima na maji bado. Bajeti yako itapumua kwa shida. Parklands sahau, labda mshirikiane wawili.

Nauli iweke kwenye hesabu. Ya kawaida ni kama 50 hadi 80 kwa safari. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni inaweza kuruka mara mbili na hakuna wa kumlalamikia. Chumba cha mbali cha 7,000 na nauli ya 150 kwa siku, siku 22, ni 10,300.

FundiMita

Watu wote huuliza kodi, hakuna anayeuliza mita. Uliza hivi: stima ni tokeni ya KPLC (kampuni ya umeme ya Kenya) moja kwa moja, au ni mita ndogo ya mwenye nyumba? Ya KPLC unanunua kwa paybill 888880, akaunti ni namba ya mita, unapata tarakimu 20 unazibonyeza. Mita ndogo unanunua kwa mwenye nyumba au kampuni aliyoiweka, na bei ya yuniti anapanga yeye. Ukisikia "stima utanilipa mimi tu", dai bei ya yuniti moja kwa shilingi, na iandikwe.

Hata kwenye mita ya KPLC, bei inategemea wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Chini ya yuniti 30 kwa mwezi uko kwenye bei nafuu, 30 hadi 100 inapanda, juu ya 100 inapanda tena. Mita haijui kwamba mpangaji amebadilika. Kama aliyekutangulia alikuwa anapika kwa koili, lile jiko la umeme, wewe utaanza kwa bei yake hadi wastani ushuke. Ndiyo maana mtu anaweka 500, anapata yuniti chache, anadhani ameibiwa.

Mla stima mkubwa ni shawa ya papo kwa papo, ile inayopasha maji kwa umeme unapooga. Nyingi zina wati 5,400 hivi. Dakika 10 ni yuniti 0.9, kila siku kwa mwezi ni yuniti 27. Yaani kuoga tu kumekaribia kumaliza ile nafuu ya 30 kabla hujawasha taa. Oga dakika nne, au chemsha maji kwa gesi. Pika kwa meko (mtungi wa gesi wenye jiko juu) ya kilo 6; mtu mmoja asiyepika maharagwe kila siku humtosha mwezi na zaidi. Maharagwe nunua yaliyochemshwa kwa mama mboga.

Maji: Nairobi yanagawiwa kwa zamu, kila mtaa una siku zake. Keateka atasema maji yapo siku zote. Muulize mpangaji unayempita ngazini, na angalia korido: ukiona mitungi ya lita 20 imepangwa kila mlango, jibu umepata. Fungua bomba la ghorofa unayotaka kuishi. La chini halikuambii kitu, presha hufia juu. Kama ploti ina kisima, onja. Maji mengi ya visima hapa yana chumvi na floraidi nyingi. Ya kufulia sawa, ya kunywa nunua.

Karani_Nyayo

NIDA haitoshi. Mpango wa kuvuka kwa kitambulisho ulioanza 2014 ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Njoo na pasipoti. Kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya, kile kilichoanza Januari 2024, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamesamehewa, usije ukakilipia kwa tapeli.

Mpakani Namanga utagongewa muhuri wa mgeni, na muhuri huo si ruhusa ya kusoma. Unahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji. Maombi ni ya mtandaoni, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni ndiyo inayotoa barua. Ianze wiki ya kwanza, kwa sababu wanaochelewa ni wale wanaosubiri hadi siku za muhuri zikaribie kwisha. Atakayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa pia kujiandikisha kama mgeni. Na kadi ya homa ya manjano beba: Tanzania huidai kwa anayetoka Kenya, utaihitaji ukienda likizo.

Binti_Sinza

Asanteni sana jamani, dalali nimeshamfungia. Kwa hiyo nikifika sina chumba, nalala wapi wakati natafuta? Na hela nibebe mkononi?

Wanjiru_wa_Waiyaki

Panga siku 7 hadi 10. YWCA iko Mamlaka Road na YMCA State House Road, zote unaweza kufika Chiromo kwa miguu. Ulizia mapema kwa simu, Septemba hujaa. Fika wiki ya mwisho ya mwezi: waliotoa notisi wanahama tarehe 30, na vibao vya nyumba wazi vinaning'inia getini. Tembea mwenyewe mchana, kisha rudi mtaa huo huo saa mbili usiku uone taa za njiani na kelele za baa.

Mzee_wa_Ngara

Hela usibebe. Sajili laini ya Safaricom kwa pasipoti, kwenye duka lao lenyewe. M-Pesa ya Vodacom huko inatuma moja kwa moja kwa M-Pesa ya hapa. Tuma kidogo kwanza uone makato. Na kondakta akikwambia "finje" ni 50, "soo" ni 100, "mbao" ni 20. Blanketi nunua hapa. Septemba utaniona mzushi, subiri Julai.

FundiMita

Na dirisha. Likitazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono, hiyo Julai nguo hazikauki na ukuta unaota ukungu nyuma ya kitanda. Harufu utaisikia ukifungua mlango, hata kama rangi ni mpya.