Kundi la familia: kabla Mama Salma hajasaini

Shangazi Rehema: Assalaam alaykum wanafamilia. Wakala wa ile meli iliyozama na mume wa Mama Salma amemletea Mama Salma karatasi ya kurasa 2, anataka isainiwe kesho. Anasema ni ya kupokea fidia. Mwenyewe hataki hata kuishika. Anasema akisaini ndiyo atakuwa amemuua mumewe. Na mwili haujapatikana. Tufanyeje?

Asha Wakili: Waalaykum salaam Shangazi. Kesho asisaini kitu. Piga picha kurasa zote, mbele na nyuma, utume hapa. Wakala aambiwe tu kwamba karatasi inasomwa.

Shangazi Rehema: Nimetuma. Ya pili imetoka giza kidogo.

Asha Wakili: Inasomeka. Tazameni aya ya 4: “na haitadai tena lolote kwa mtu yeyote.” Hapo ndipo penye mtego. Stakabadhi ya kupokea pesa ni kitu kimoja, kuachilia madai yote ni kingine. Hapa wameviunganisha chini ya saini moja.

Anko Hamisi Baharia: Na hairuhusiwi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 ulirekebishwa, na marekebisho hayo yakaanza kutumika Januari 2017. Yanasema fidia ya kifo iliyoandikwa kwenye mkataba wa ajira ilipwe yote, bila kuchelewa, na familia isishinikizwe kupokea pungufu. Ukiipokea hujapoteza haki zako nyingine za kisheria. Ukishinda madai mengine ya tukio hilohilo, kilichokwisha kulipwa kinaweza kukatwa humo, basi. Hii ni kama nchi ya bendera ya meli, yaani ilikosajiliwa, imeuridhia mkataba huo, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua bendera.

Shangazi Rehema: Bendera tutaijuaje na meli iko chini?

Anko Hamisi Baharia: Tafuteni nambari ya IMO, yaani ya utambulisho wa meli, tarakimu 7. Jina la meli hubadilishwa, bendera hubadilishwa, nambari hiyo haibadiliki. Mara nyingi imeandikwa kwenye mkataba wake wa ajira. Cheti cha bima hubandikwa melini mahali pa wazi, kwa hiyo hicho kimezama nayo. Ombeni nakala kwa kampuni, kwa barua pepe, si kwa simu. Humo kuna jina na mawasiliano ya mwenye bima, na huyo mnaweza kumwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa wakala. Ombeni pia orodha ya mabaharia ya safari ya mwisho, na maelezo ya mishahara ambayo hajalipwa. Mshahara ni deni, si fidia. Wasivichanganye.

Kaka Juma: Mimi nilisikia lazima kusubiri miaka 7 ndiyo mtu ahesabike amekufa?

Asha Wakili: Juma, kusubiri huko kumeziponza familia nyingi. Miaka 7, kwa mfano katika sheria ya ushahidi ya Kenya, ni kwa mtu aliyepotea bila habari yoyote. Ikipita, mahakama inamchukulia kuwa amekufa bila ushahidi mwingine. Lakini aliyekuwa kwenye meli inayojulikana imezama, mahakama inaweza kuridhika mapema kwa ushahidi uliopo: orodha ya mabaharia, taarifa ya waokoaji, maelezo ya walionusurika, ujumbe wake wa mwisho. Na muda wa kufungua madai ya fidia haungoji. Sehemu nyingi ni miaka 2 au 3 tangu tukio. Ukisubiri 7 unapata cheti cha kifo mkononi na madai yameshakufa.

Asha Wakili: Simu ya Mama Salma isiuzwe wala isifutwe kitu. Mazungumzo yake na mumewe yahamishiwe yote kwenye faili, na picha za skrini zionyeshe tarehe na saa. Zile sauti alizotuma mumewe zihifadhiwe sehemu mbili.

Kaka Juma: Nimeelewa. Hiyo ya simu naifanya leo.

Dkt. Neema: Poleni sana. Upande wa utambuzi, kama miili itaopolewa. Msikubali kumtambua kwa sura au kwa nguo. Baada ya siku chache majini uso unabadilika kabisa, na shati linaweza kuwa la kuazima. Familia moja ikikosea, ya pili nayo inakosa maiti yake. Kinachokubalika ni alama za vidole, meno au DNA. Tafuteni rekodi za daktari wa meno, na picha alizocheka meno yakaonekana. Vitu vyake alivyotumia peke yake, mswaki, wembe, kitana, msivioshe. Kila kimoja bahasha yake ya karatasi, kikiwa kikavu. Si mfuko wa plastiki, unashika unyevu, ukungu unaota na DNA inaharibika.

Shangazi Rehema: Mswaki ndio shida. Uko kwenye kikombe pamoja na wa Mama Salma. Kaka Juma aliugusa juzi, Mama Salma akapiga kelele mpaka majirani wakaja.

Dkt. Neema: Basi uacheni. Sampuli za wazazi wake wote wawili zina nguvu kuliko mswaki ambao hatujui nani mwingine aliugusa. Ni kijiti chenye pamba, kinasuguliwa ndani ya shavu, dakika haifiki. Mzazi mmoja akikosekana, achukuliwe Salma pamoja na mama yake. Ndugu wa tumbo moja wanasaidia lakini ni dhaifu zaidi.

Bi Mwanaidi Mshauri: Ahsante Daktari kwa hilo. Mama Salma hajachanganyikiwa. Msiba usio na mwili hauna siku ya kwanza, kwa hiyo hauna arubaini. Akikubali anajiona msaliti, akikataa anaonekana mkaidi. Msimlazimishe aseme “amekufa.” Mwambieni karatasi ya mahakama ni ya shule ya Salma na kodi ya nyumba, na kuisaini si kumzika. Hayo mawili yatenganishwe kabisa, hata siku zake.

Mzee Shaaban: Na upande wa dini pia kuna utaratibu. Huyu kwa sasa ni mafkudi, yaani aliyepotea na haijulikani kama yu hai. Mali yake haigawanywi, na mkewe haanzi eda ya miezi 4 na siku 10, mpaka kadhi ahukumu. Hukumu ya mahakama ya kiraia pekee msiitegemee, pelekeni ushahidi uleule kwa kadhi. Mtu asimsemeshe habari ya kuolewa wala kurithi.

Bi Mwanaidi Mshauri: Kuhusu Salma, miaka 6 anasikia kila kitu. Asiambiwe baba amesafiri, atamngoja mlangoni. Asiambiwe amelala, ataogopa kulala. Semeni: meli ilizama, watu wametafuta sana, hawajampata, tunaamini amefariki. Atauliza tena na tena. Mjibuni vilevile kila mara, watu wote maneno yaleyale. Akikataa kuoga au akilia mvua ikinyesha, msimcheke. Siku meli nyingine ikitangazwa kwenye habari, zimeni televisheni. Hata miaka 10 baadaye hilo hurudi.

Kaka Juma: Na kaburi? Bibi anauliza kila siku.

Bi Mwanaidi Mshauri: Bibi hakosei kuuliza. Ile meli Estonia iliyozama Septemba 1994 walikufa watu 852, wengi hawakutolewa, na mwaka 1995 nchi za Estonia, Finland na Sweden zikakubaliana palepale pawe kaburi. Ile meli Sewol ya Korea Kusini, familia za watu 5 wasioonekana ziliwazika Novemba 2017 kwa majeneza yenye vitu vyao. Miaka mitatu na nusu walingoja. Kwetu njia ni nyingine, lakini haja ni ileile, na wakati wake ataupanga Mama Salma mwenyewe.

Asha Wakili: Naandika jibu kwa wakala usiku huu: stakabadhi ya fidia pekee, aya ya 4 iondolewe. Shangazi, nitakuja saa 3 asubuhi kuchukua mkataba wa ajira.

Shangazi Rehema: Sawa mwanangu. Bibi na Babu wamekubali kupimwa Jumatatu. Mswaki nimemwambia Mama Salma hakuna atakayeugusa. Amekula leo.