Ushauri: Programu ya kutafutia mafaili ofisini, nipandishe toleo au nibaki nilipo?

Karani wa Rock City:

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaharibu kitu.

Niko ofisi ya wakili hapa Mwanza. Kompyuta tatu, zote mtumba, prosesa ni Intel i5 za kizazi cha nne, mbili zina RAM ya GB 4 na moja GB 8. Zote Windows 10. Mafaili ya kesi tangu 2013 yapo diski D ya ile yenye GB 8, wengine tunayafikia kwa waya wa ndani. Jumla kama elfu sitini.

Juzi bosi kanipigia akiwa mahakamani, anaongea kwa kunong'ona: "Nitafutie ile hati ya kiapo ya kiwanja cha Buswelu, ya mwaka juzi, nitumie WhatsApp sasa hivi." Nikaandika "kiapo Buswelu" kwenye kiboksi cha kutafutia cha Windows. Kile kimstari cha kijani kikaanza kutambaa juu, kikafika karibu na mwisho, kikaganda hapo. Nikanywa chai, bado kimeganda. Shauri likaahirishwa. Faili nikalipata saa nane mchana kwa kufungua moja moja, limeitwa Scan0047.pdf.

Hali ilivyo: yangu ina Everything 1.4, programu ya bure ya kutafutia mafaili. Ya bosi ina utafutaji wa Windows wenyewe. Ile kubwa ya GB 8 fundi aliwahi kuweka DocFetcher, ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, toleo la zamani sana, sijui hata nani anaitumia.

Sasa fundi anasema tuhamie Windows 11 yote yataisha. Rafiki yangu anasema niweke Everything 1.5. Mimi sielewi tofauti. Natanguliza shukrani, na wenye kejeli wapite kushoto.

mzee_wa_diski:

Dada pole na hiyo siku. Kabla ya toleo, tuelewane kitu kimoja: kutafuta jina la faili ni kazi moja, kutafuta maneno yaliyomo ndani ya faili ni kazi nyingine. Unachanganya hizo mbili na fundi wako naye anachanganya.

Everything 1.4 ni bingwa wa majina. Haipekui folda moja baada ya nyingine kama Windows, inasoma ile jedwali kuu ya diski ya NTFS (mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Windows) ambamo majina yote yamekwisha kuandikwa, halafu inafuata daftari la mabadiliko. Ndiyo maana unaandika herufi tatu na majibu yamejaa. Waliotengeneza wanasema mafaili milioni moja yanakula kama MB 75 za RAM, kwa hiyo elfu sitini zako ni kama hakuna. Ila jina Scan0047 halina neno Buswelu. Ungeandika mpaka kesho.

1.4 inaweza kusoma ndani ukitanguliza content: lakini haina faharasa ya maandishi, yaani orodha ya maneno iliyoandaliwa mapema, inafungua kila faili papo hapo. Kama ni lazima, punguza kwanza kwa folda na mwaka ndipo uweke hilo neno.

Chuma_Chakavu:

Weka 1.5 achana na stori ndefu. Ina kuweka maandishi ya ndani kwenye faharasa. Mimi naitumia tangu 2021 haijawahi kunitupa.

mzee_wa_diski:

Chuma, wewe una RAM ngapi? Maandishi ambayo 1.5 inayaweka kwenye faharasa yanakaa kwenye RAM. Dada ana mashine za GB 4, ukimwambia aingize kesi za miaka kumi na kitu humo, Word itafunguka kesho. Halafu hilo toleo limekaa miaka kwenye majaribio. Silikatai, hata mimi ninalo, ila ofisini huanzi nalo kwa kufuta la zamani.

Chuma_Chakavu:

32 😅 Sawa mzee, hapo umenibana. Lakini si lazima aingize kila kitu, anachagua folda na aina za mafaili. Na la 1.5 linakaa pembeni ya 1.4 bila kugombana, lina mipangilio yake na hifadhidata yake. Akichoka analitoa, 1.4 iko palepale.

Mkongwe wa Keko:

Nani anakumbuka Google Desktop? Ilitoka 2004, unatafuta mafaili yako kwenye ukurasa kama wa Google kabisa, barua pepe humo humo. Wakaizima 2011. Tangu hapo mimi naweka mafaili kwa mpangilio, siitegemei programu ya mtu.

Binti Masjala:

Mkongwe umenikumbusha mbali. Karani, nimekaa masjala miaka tisa, nikuambie kitu ambacho mafundi hawakisemi kwa sababu wao wanatafuta kwa Kiingereza.

Programu nyingi za faharasa zimezoea lugha ambazo neno linabadilika mkiani. Windows ukiandika mwanzo wa neno inakuletea yanayoendelea mbele yake. Kiswahili chetu kinabadilika kichwani. Ukiandika "shahidi" faharasa ya Windows inakuletea shahidi, basi. Mashahidi, ushahidi, hao hawaji. "Kiwanja" haileti viwanja. Mimi nilitafuta "mrithi" siku nzima kumbe waraka wote umeandika "warithi".

Kwa hiyo jizoeze kuandika umoja na wingi pamoja: kiwanja OR viwanja, hilo OR kwa herufi kubwa. Windows inalikubali na DocFetcher pia. Kwenye Everything alama yake ni ule mstari wa kusimama |, ingawa huko huna shida sana, yenyewe inashika kipande popote kilipo ndani ya jina. Andika "wanja" tu, kiwanja na viwanja vyote vinakuja. Na "shahidi" inaleta mpaka ushahidi.

Majina ya watu ndiyo balaa lingine. Mwajuma, Mwanajuma, Rukia, Rukiya. Tafuta kwa namba ya shauri kama unayo.

Karani wa Rock City:

Binti Masjala Mungu akubariki, hapo kwenye mrithi na warithi umenigusa. Ila swali, Scan0047 nimeifungua, neno Buswelu naliona kwa macho yangu. Kwa nini hata DocFetcher haikulipata? Nilijaribu jana.

mzee_wa_diski:

Jaribu kulivuta hilo neno kwa mausi kama unataka kulikopi. Linakubali?

Karani wa Rock City:

Halikubali. Linachukua ukurasa mzima kama picha.

mzee_wa_diski:

Basi ugonjwa ni huo. Ni picha iliyovalishwa koti la PDF, hakuna maandishi ndani. Hakuna toleo la programu yoyote tuliyotaja, wala Windows 11, litakalopata neno ambalo halipo. Unahitaji OCR, yaani programu inayosoma picha na kuandika maneno yake nyuma ya ukurasa.

Chukua NAPS2, ya bure, inaskani na inaingiza PDF za zamani pia. Ndani yake kuna Tesseract, ndiyo inayosoma hizo picha, na Tesseract ina Kiswahili. Chagua Kiswahili na Kiingereza pamoja, maana hati zenu najua zinachanganya. Usitumie zile tovuti za kugeuza PDF bure. Hizo ni siri za wateja, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Sasa mpango. Kabla ya yote nakili D yote kwenye diski ya nje, uifungue uone kweli inafunguka. Ukishamaliza, OCR kwa kesi zilizo hai tu, za zamani zitangoja. Halafu kwenye mashine kubwa fungua Indexing Options ndani ya Control Panel, bonyeza Modify, tia tiki folda ya kesi iliyoko D, kwa sababu Windows isipoambiwa inajali zaidi Documents na Desktop. Iache iwake usiku kucha. Ukitaka 1.5, iweke hapo hapo kwenye GB 8, uingize folda moja ya mwaka mmoja uone RAM inavyokwenda. Zile mbili za GB 4 usiziwekee 1.5.

DocFetcher ukipandisha toleo usirithi faharasa ya zamani, ijenge upya. Imeandikwa kwa Java, na hiyo Java yenu bila shaka nayo ni ya enzi hizo.

Fundi Kirumba:

Na hiyo Windows 11, kizazi cha nne hakimo kwenye orodha yao. Wanataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na Intel kuanzia kizazi cha nane. Kuna njia za kupenya ila kwa mashine ya kesi za watu mimi sipenyi. Ni kweli Windows 10 ilifika mwisho wa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo msikae nayo milele. Lakini hela ya sasa ningeipeleka kwenye SSD (diski ya kasi) na RAM ya hiyo kubwa, mashine mpya mkanunua moja moja.

penguini_wa_pwani:

Hamia Linux badala ya Windows, uweke Recoll ya kutafutia. Ina OCR kwa Tesseract, kazi imeisha.

Karani wa Rock City:

Penguini, bosi wangu akiona skrini imebadilika rangi tu ananiita 😂

Karani wa Rock City:

Wakuu nimerudi, wiki mbili sasa. Mrejesho.

D nimeinakili. OCR nimefanya folda za 2023 mpaka leo, nilikuwa naiacha usiku, siku moja umeme ukakatika katikati nikaanza ile folda upya. Inasoma vizuri hati zilizochapwa. Palipopigwa muhuri juu ya jina inaandika vituko, Buswelu moja imekuwa "Bu5we1u". Kwa hiyo hati muhimu nazipa jina mwenyewe: namba ya shauri, aina ya hati, mwaka. Hapo 1.4 yangu inatosha kabisa, 1.5 sijaiweka bado. Jana bosi kaomba hukumu ya 2024, kabla hajakata simu nilikuwa nimeshaituma.

Chuma_Chakavu:

Safi sana. Na ile DocFetcher ya zamani, umeitoa?

Karani wa Rock City:

Nilikuwa naitoa, kijana wa fildi akaruka kutoka kwenye kiti. Kumbe ndiye anayeitumia, ana faharasa yake humo ya hukumu zote alizokusanya za chuo. Tumekubaliana ijengwe upya akishamaliza ripoti yake.